Jiwe la Kusahau: Amana, Kutisha na Mipaka ya Misuli katika Filamu ya Ercole al centro della Terra (1961)

Ikisiri

Makala hii inahakiki Ercole al centro della Terra, filamu ya Kitaliano iliyoongozwa na Mario Bava mwaka 1961. Filamu hiyo inachanganya utanzu wa upanga na makubazi na vipengele vya kutisha: wafu wanaofufuka, damu, kuzimu na mtawala anayetafuta uhai wa milele. Kwa kawaida sifa za filamu hii huelekezwa kwenye rangi na mwanga wake, na hadithi yake huchukuliwa kuwa kisingizio cha picha. Makala inajenga hoja tofauti. Inadai kwamba vipengele vya kutisha vimeingizwa ili kuonyesha uovu ambao misuli ya shujaa haiwezi kuuona, yaani uovu wa mlezi anayekula amana aliyokabidhiwa. Aidha, inadai kwamba tiba inayotolewa na filamu, Jiwe la Kusahau, ni jibu lenye mashaka, kwa kuwa linaponya bila kumtaka aliyekosa akumbuke alichokifanya. Hitimisho linagusia maana ya uchambuzi huu kwa utafiti na kwa sera za filamu.

1.0 Utangulizi

Filamu za upanga na makubazi zilizotoka Italia kati ya mwaka 1958 na katikati ya miaka ya 1960 hazijapewa nafasi kubwa katika uhakiki. Wahakiki wa Kifaransa walizibandika jina la peplum, kutokana na vazi la kale la Kigiriki, na jina hilo lilikuwa na dharau ndani yake: filamu ilitambulishwa kwa nguo za waigizaji kana kwamba haikuwa na jambo jingine la kutambulisha. Muundo wake ulijulikana mapema. Mtu mwenye kifua kipana anawasili katika mji unaoonewa, anang'oa nguzo, anawashinda askari, anamwokoa binti mfalme, kisha anaondoka au anaoa.

Ercole al centro della Terra inafuata muundo huo karibu hatua kwa hatua. Hercules anarudi katika ufalme wa Ecalia baada ya matendo yake makuu na kumkuta mchumba wake, Deianira, amepotewa na akili. Ufalme uko mikononi mwa Lico, mlezi wa binti huyo. Hercules anakwenda kwa kahini, naye anamwambia kwamba Deianira atapona tu kwa Jiwe la Kusahau lililoko kuzimu. Ili afike huko na kurudi, anapaswa kwanza kulipata tufaha la dhahabu la Hesperides. Anasafiri na rafiki yake Theseus pamoja na Telemachus, mtu wa mzaha. Analipata tufaha, anashuka kuzimu, anarudi na jiwe. Hajui kwamba aliyemwacha nyumbani kumlinda Deianira ndiye aliyempoteza akili, na kwamba anakusudia kuinywa damu yake wakati wa kupatwa kwa mwezi ili atawale milele.

Muhtasari huu unaonyesha jambo ambalo husomwa kwa haraka. Safari nzima ya shujaa inatokana na kutotambua. Hercules anakwenda hadi mwisho wa dunia kutafuta dawa ya ugonjwa ambao chanzo chake amekipa mkono alipoingia katika jumba la kifalme. Swali linaloongoza makala hii ni hili: filamu inafanya nini na kutotambua huko?

2.0 Usuli: Soko, Sheria na Mwili

Filamu hii haiwezi kueleweka nje ya mazingira ya uzalishaji wake. Mwaka 1958 Pietro Francisci aliongoza Le fatiche di Ercole, ambamo Mmarekani Steve Reeves aliigiza Hercules. Mpiga picha wa filamu hiyo alikuwa Mario Bava, ambaye pia alishughulikia picha za Ercole e la regina di Lidia iliyofuata. Mfanyabiashara Joseph E. Levine aliinunua haki ya kuionyesha ile ya kwanza Marekani, akaitangaza kwa kishindo mwaka 1959, na mafanikio yake ya kifedha yaliwafanya watayarishaji wa Roma waelekeze mitaji yao huko. Kwa miaka michache iliyofuata, filamu za namna hiyo zilitoka moja baada ya nyingine.

Msingi wa kiuchumi wa wimbi hilo ulikuwa umewekwa mapema. Sheria za mwaka 1949, zinazohusishwa na jina la Giulio Andreotti, ziliweka mikopo na ruzuku kwa filamu za Kitaliano, na sehemu ya ruzuku hiyo ilihesabiwa kwa kufuata mapato ya tiketi. Utaratibu huo ulikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja uliipa tasnia uwezo wa kusimama mbele ya filamu za Marekani. Kwa upande mwingine uliipa serikali jicho la kuchungulia yaliyomo. Mwaka 1952 Andreotti mwenyewe alimlaumu hadharani Vittorio De Sica kwa sababu ya Umberto D., filamu inayomwonyesha mzee mstaafu anayeteseka kwa umaskini katika Roma ya wakati huo. Mwenye misuli wa Ugiriki ya kale hakuwa na tatizo la aina hiyo. Alikuwa mbali vya kutosha na mitaa ya Roma.

Mwili wenyewe, hata hivyo, haukuwa mbali na historia. Mtu mwenye nguvu wa sinema ya Kitaliano alizaliwa katika Cabiria ya Giovanni Pastrone mwaka 1914. Jina lake lilikuwa Maciste, naye katika hadithi alikuwa mtumwa wa Kiafrika wa bwana wa Kirumi. Aliyemwigiza alikuwa Bartolomeo Pagano, mfanyakazi wa bandari ya Genoa, aliyepakwa rangi nyeusi. Filamu zilizofuata ziliiacha rangi hiyo na kumfanya Maciste kuwa Mtaliano mweupe. Miaka ya 1930 utawala wa kifashisti uliutukuza mwili wa Kirumi kama hoja ya dola, na Scipione l'africano ya mwaka 1937 ilitoka baada tu ya uvamizi wa Ethiopia. Richard Dyer, katika kitabu chake White cha mwaka 1997, amezichambua filamu za upanga na makubazi kwa kuzihusisha na historia hiyo: misuli ya mtu mweupe, asema, inabeba kumbukumbu ya ukoloni na ya ufashisti hata pale ambapo hadithi haitaji chochote kati ya hivyo viwili.

Hoja ya Dyer ni muhimu kwa makala hii, lakini inahitaji kuongezewa kitu. Katika filamu nyingi za utanzu huu, mwili wenye nguvu ndio jibu la kila swali. Katika filamu ya Bava, mwili huo unaulizwa swali usiloweza kulijibu.

3.0 Wasii Mla Amana

Dhalimu wa kawaida wa filamu hizi ni mvamizi au malkia mwovu wa nchi ya mbali. Uovu wake unaonekana: ana majeshi, ana mateka, ana wanyama wakali. Lico si hivyo. Yeye ni wasii, kwa maana kamili ya neno hilo katika Kiswahili: mtu aliyekabidhiwa mali na maslahi ya mrithi mpaka mrithi aweze kuyasimamia mwenyewe. Madaraka yake yana uhalali wote. Anachofanya ni kuhakikisha kwamba siku ya kuyakabidhi haifiki. Deianira haonekani amefungwa gerezani. Yupo katika jumba lake, amevaa mavazi yake, lakini akili yake imefunikwa hata hamtambui mchumba wake. Mrithi asiye na akili timamu anahitaji mlezi daima, na mlezi anayehitajika daima ni mfalme.

Uteuzi wa mwigizaji unaongeza uzito wa jambo hili. Lico anaigizwa na Christopher Lee, Mwingereza ambaye mwaka 1958 alikuwa amemwigiza Dracula katika filamu ya kampuni ya Hammer. Hadhira ya mwaka 1961 iliyomwona Lee ilijua inachopaswa kuogopa kabla Hercules hajajua. Filamu inautumia ujuzi huo kwa makusudi: mtazamaji anatangulia kufahamu, shujaa anabaki nyuma. Soko la Ujerumani liliisoma filamu hivyo hivyo na kuiita Vampire gegen Herakles, jina linalowaweka wanyonya damu mbele ya shujaa. Hata hivyo, Lico hana meno marefu wala jeneza la kulalia mchana. Kunywa damu kwake ni hitimisho la mantiki ya kisiasa. Ameshakula cheo cha mrithi na akili yake. Kilichobaki ni damu.

Hapa pana ulinganifu ambao filamu haiutangazi lakini unaonekana. Mbele ya kahini, Hercules anakubali kuuacha uhai wake wa milele ili ampate dawa Deianira. Wakati huohuo Lico anautafuta uhai wa milele kwa kumwangamiza Deianira huyohuyo. Mwenye nguvu halali anakubali kuwa na mwisho; mwenye madaraka ya muda anakataa kuwa na mwisho. Huo ndio mpaka ambao filamu inauchora kati ya shujaa na dhalimu, nao hautegemei ukubwa wa misuli.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatashangazwa na fikra kwamba nguvu za shujaa hazimkingi na adui wa ndani. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa asiyeweza kuuawa kwa silaha anauawa kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na aliyeichoma ni mwanawe. Hakuna uhusiano wa kihistoria kati ya utenzi huo na filamu hii, na makala hii haiudai. Ulinganisho unasaidia kuona tofauti. Utenzi unamwacha shujaa afe kwa usaliti wa nyumbani na kuwaonyesha watu wa mji wakikosa maji, kwa sababu maiti ya Liyongo imepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na hakuna anayethubutu kusogea. Gharama ya usaliti inalipwa na umma. Filamu ya Bava inaifikia fikra hiyo pia, kwamba usaliti wa mtu mmoja unalipwa na nchi nzima, lakini, kama itakavyoonyeshwa, inaikimbia kabla haijamaliza kuitamka.

4.0 Mwanga kama Njia ya Kujua

Kabla ya filamu hii, Bava alikuwa ameongoza La maschera del demonio mwaka 1960, filamu ya kutisha ya rangi nyeusi na nyeupe iliyompa jina. Alikuwa mwana wa Eugenio Bava, mtaalamu wa picha na wa hila za kamera tangu enzi ya filamu bubu, na alijifunza kwake namna ya kutengeneza ulimwengu kwa vioo, vinyago vidogo na michoro. Katika Ercole al centro della Terra stadi hizo zinakutana na uhaba wa fedha. Bava alipata kueleza kwamba alitaka kuthibitisha kuwa filamu nzima ya Hercules inaweza kupigwa kwa ukuta mmoja wa vipande vipande na nguzo chache za kuhamishika. Mtazamaji makini anaweza kuziona nguzo hizo zikirudi, kila mara katika rangi nyingine.

Filamu za upanga na makubazi kwa kawaida hupenda jua. Mwili wa shujaa unahitaji mwanga mweupe ili misuli ihesabike. Bava anaupunguza mwanga huo na mahali pake anaweka kijani, buluu, zambarau na nyekundu, mara nyingi rangi mbili zinazopingana katika fremu moja, bila chanzo kinachoelezeka. Matokeo ni kwamba kifua cha Reg Park, mtunisha misuli wa Kiingereza aliyewahi kutwaa taji la Mr Universe, hakionekani tena kama kipimo cha kila kitu. Nusu yake iko gizani. Shujaa anatembea ndani ya mwanga asiouelewa.

Mfano bora ni tukio la mjakazi wa Deianira anayeuawa baada ya kukaribia kuujua ukweli. Kamera haituonyeshi uso wa muuaji moja kwa moja. Inatuonyesha damu iliyotanda sakafuni, na ndani ya damu hiyo, kama katika kioo, sura ya Lico. Picha hiyo moja inabeba hoja ya filamu nzima. Mtawala aliyejificha nyuma ya adabu ya jumba la kifalme hawezi kuonekana kwa macho ya kawaida. Anaonekana katika kile alichokimwaga. Hercules hayupo katika tukio hilo. Yuko safarini, anapambana na vitu vinavyoweza kubebwa na kutupwa.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba rangi za Bava ni pambo lililowekwa juu ya hadithi dhaifu. Rangi zinafanya kazi ambayo hadithi imeikabidhi kwa shujaa asiyeiweza. Kutisha katika filamu hii ni namna ya kujua. Pale misuli inapoishia, hofu inaendelea kuona.

5.0 Kuzimu na Wizi wa Theseus

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kuitajia nchi ya wafu, na uchaguzi wa neno ni sehemu ya uhakiki. Jehanamu ni mahali pa adhabu. Ahera ni makao ya baada ya maisha haya, na safari yake haina tiketi ya kurudi. Kuzimu ni chini, kwenye makao ya waliotangulia, mahali ambapo hadithi za kale huruhusu mtu kushuka na kurudi akiwa na kitu. Hades ya Bava iko karibu zaidi na neno hili la tatu, ingawa ina chembe za lile la kwanza. Hercules na Theseus wanapokata mizabibu ili watengeneze kamba, mizabibu inatoa damu na kulia kwa sauti za watu. Mtazamaji wa Kitaliano aliyepitia shule alitambua mara moja kwamba yuko katika wimbo wa 13 wa Inferno ya Dante, msituni mwa waliojiua, ambako tawi lililovunjwa linatokwa na damu na maneno.

Kuazima huku kuna maana. Katika Dante, msafiri anavunja tawi mara moja, anashtuka na kujawa na huruma. Katika filamu, mashujaa wanashtuka, kisha wanaendelea kukata, kwa kuwa kamba inahitajika kuvuka bahari ya moto. Mateso ya wengine yanakuwa chombo cha kazi. Filamu haiwalaumu, wala haitulii hapo kwa muda mrefu, lakini sauti za mizabibu hazisahauliki kwa urahisi. Ni mara ya kwanza katika hadithi ambapo ushujaa unasababisha maumivu kwa asiye adui.

Mara ya pili ni nzito zaidi. Katika kuvuka, Theseus anaponyokwa na kutumbukia, na Hercules anaamini rafiki yake amekufa. Hakufa. Amezinduka mbele ya msichana wa kuzimu, anayeitwa Persephone katika toleo la Kiingereza, kipenzi cha Pluto. Wanapendana papo hapo, na Theseus anamchukua kwa siri na kurudi naye duniani, akimficha hata rafiki aliyeuacha uhai wake wa milele kwa ajili ya safari hii. Kwanza dhoruba inaikumba merikebu yao. Kisha Deianira anapona, lakini balaa linaishukia nchi, kwa sababu Pluto ameibiwa.

Hapa filamu inafikia kilele chake cha fikra, pengine bila kukusudia. Ecalia sasa inateseka kwa makosa mawili ya aina moja. Lico amekula amana ya umma kwa tamaa ya madaraka. Theseus amekiuka amana ya rafiki na ya safari kwa sababu ya mapenzi. Mmoja ni dhalimu, mwingine ni kijana wa kupendeza aliyeigizwa na Giorgio Ardisson kwa tabasamu jingi. Lakini wananchi wanaokufa kwa balaa hawawezi kutofautisha kifo kinachotokana na tamaa na kile kinachotokana na mapenzi. Katika hatua hii, filamu inakaribia kusema jambo ambalo utanzu wake haujazoea kulisema: kwamba madhara ya uongozi hayapimwi kwa nia ya aliyeyasababisha.

6.0 Gharama ya Kusahau

Jibu la filamu kwa tatizo hili ndilo linalostahili kuhojiwa. Hercules anamtaka Theseus amrudishe Persephone. Theseus anakataa, na marafiki wawili wanapigana. Misuli, kwa mara nyingine, haitatui chochote, kwa kuwa Hercules hawezi kumlazimisha rafiki yake aache kupenda. Anayetatua ni Persephone mwenyewe. Analichukua Jiwe la Kusahau, anaifuta kumbukumbu yake katika akili ya Theseus, na kurudi kuzimu. Theseus anazinduka akiwa hajui kwamba amewahi kumpenda wala kwamba ameiletea nchi balaa.

Kwa mtazamo wa hadithi, hili ni tendo la kujitoa mhanga lililo kubwa kuliko yote katika filamu. Hercules aliuacha uhai wa milele lakini filamu haionyeshi popote kwamba amepungukiwa na kitu. Anaendelea kuinua mawe kama zamani, na sadaka yake inabaki kuwa tamko. Persephone anaacha kila kitu, pamoja na haki ya kukumbukwa. Ndiye mtu pekee katika hadithi anayeona madhara ya umma, anakiri sehemu yake, na kuchukua hatua. Kwamba jukumu hilo limewekwa kwa mwanamke ambaye filamu inamtoa jukwaani mara baada ya kulitimiza ni kasoro ya utanzu mzima. Deianira anaponywa, Persephone anaondoka, na wanaume wanabaki na ufalme.

Kasoro kubwa zaidi iko katika jiwe lenyewe. Kwa Deianira, kusahau ni dawa halali: yeye ni mwathiriwa, na kilichoondolewa akilini mwake kiliwekwa na mwingine. Kwa Theseus, kusahau ni msamaha usioombwa. Mkosaji na mwathiriwa wanapewa dawa moja kutoka jiwe moja, kana kwamba hali zao ni sawa. Mwishoni Theseus anaonekana mwenye furaha, mikono yake safi, kwa sababu hakuna aliyemwambia kilichotokea, na aliyejua zaidi ya wote hayupo tena.

Ni vigumu kuutazama mwisho huo wa mwaka 1961 bila kukumbuka nchi ulikotengenezwa. Mwaka huo Italia iliadhimisha miaka 100 ya kuungana kwake. Miaka 15 kabla, mwaka 1946, msamaha wa jumla uliotolewa chini ya Palmiro Togliatti, waziri wa sheria, uliwatoa gerezani wengi waliotumikia ufashisti. Nia ilikuwa kuituliza nchi. Makala hii haidai kwamba Bava na waandishi wenzake, miongoni mwao Duccio Tessari na Sandro Continenza, walikusudia kulizungumzia suala hilo. Inachodai ni kidogo zaidi: kwamba hadithi ambamo nchi inaponywa kwa mkosaji kusahaulishwa iliweza kupita kama mwisho mwema, bila mtu kuona ajabu, mahali ambapo tiba ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kuzoeleka.

Lico naye hafikishwi mbele ya watu wake. Usiku wa kupatwa kwa mwezi anamchukua Deianira, wafu wanafumuka makaburini na kuruka katika ukungu kumzuia Hercules, na Hercules anawatupia mawe makubwa mpaka anamponda Lico mwenyewe chini ya jiwe. Tukio la wafu kuinuka, vifuniko vya mawe vikisogea na buibui wakiacha nyuzi zao, ni miongoni mwa picha bora za filamu. Hata hivyo, ni hapa ambapo filamu inakana ilichokijenga. Uovu ambao kwa zaidi ya saa nzima haukuweza kuonekana kwa macho ya nguvu sasa unapewa umbo la vitu vinavyoweza kutupiwa mawe. Misuli inarudishiwa kazi yake ya zamani. Mlezi mla amana anakufa kama jini, na watu wa Ecalia hawapati nafasi ya kuuliza ilikuwaje akakabidhiwa, nani aliyemsaidia, na nani atakayekabidhiwa kesho.

7.0 Hitimisho

Ercole al centro della Terra ni filamu nzuri kuliko mwisho wake. Kwa muda mrefu inashikilia fikra ngumu: kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kwamba nguvu isiyojua kutambua inaweza kuzunguka dunia ikitafuta dawa huku chanzo cha ugonjwa kikiwa nyumbani, na kwamba hofu inaweza kuwa aina ya maarifa. Inaishikilia kwa mwanga zaidi kuliko kwa maneno. Mzaha wa Telemachus unaikatiza mara nyingi kuliko inavyohitajika, na wanawake wake wana nafasi finyu. Lakini sura ya mtawala ndani ya damu aliyoimwaga inatosha kuihesabu miongoni mwa filamu zinazostahili kusomwa kwa umakini.

Kwa watafiti, mambo mawili yanafuata. Kwanza, filamu za namna hii zilisambazwa katika matoleo ya lugha mbalimbali, na matoleo hayo si kitu kimoja. Marekani iliipokea mwaka 1964 kwa jina la Hercules in the Haunted World, na katika toleo la Kiingereza hata sauti ya Lee si yake mwenyewe. Mhakiki anapaswa kutaja toleo analolisoma, kama mhakiki wa tendi anavyotaja mswada wake. Pili, utanzu unaodharauliwa hauthibitishi kwamba kila kazi iliyomo ni ya kudharauliwa.

Kwa washauri wa sera, funzo liko katika ukuta mmoja na nguzo chache. Utaratibu wa ruzuku wa Italia ulikuwa na macho makali kwa filamu zilizoitazama nchi moja kwa moja, na ulilegea kwa zile zilizoonekana kuwa burudani tupu. Katika ulegevu huo, mtu mwenye ujuzi wa picha alipata nafasi ya kufanya kazi yenye fikra. Sera inayopima filamu kwa mada yake inayotangazwa tu, au kwa heshima ya utanzu wake, itakosa kazi kama hii, na itakosa pia maswali yanayoulizwa ndani yake. Swali linalobaki baada ya jiwe la mwisho kutupwa si nani mwenye nguvu kuliko Hercules. Ni nani atakayewaambia watu wa Ecalia, pamoja na Theseus, kilichotokea.